Safari ya Tarime iliyopangwa kwa vyoo na chupa za maji

Mpango wa kwanza aliuandika mume, nyuma ya risiti ya vipuri vya friji. Ulikuwa wa siku nne. Siku ya kwanza, basi la alfajiri kutoka Mwanza hadi Tarime moja kwa moja. Siku ya pili, Sirari kuona mpaka na, ikiwezekana, kuvuka hadi Isebania upande wa Kenya kunywa soda tu na kurudi. Siku ya tatu, Nyamwaga kwa mama, Nyamongo, kisha Mugumu kulala. Siku ya nne, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa kuingilia Lango la Fort Ikoma, kwenda hadi Kogatende kuangalia nyumbu wakivuka Mto Mara, na jioni kutokea Lango la Ndabaka kurudi Mwanza.

Mke, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliisoma risiti hiyo kama anavyosahihisha daftari la mwanafunzi. Kisha akauliza: "Huku njiani tutaenda choo wapi?"

Mume alicheka. Mke hakucheka.

Wanandoa hao, wakazi wa Ilemela mkoani Mwanza walioomba majina yao yasiandikwe, wana miaka mitatu ya ndoa. Mume ni fundi wa friji, Mkurya wa Tarime. Mke ni Msukuma wa Sengerema, ana umri wa miaka 31, na anaishi na selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Tangu waoane walikuwa wakiahidiana safari ya wawili: wauzunguke Mkoa wa Mara, wafike Butiama, wakae kwa mama mkwe bila haraka, walale Mugumu na waingie Serengeti kama watalii wengine. Likizo ya Juni ilipokaribia, fedha zilikuwepo, Sh950,000 zilizowekwa kidogo kidogo kwenye simu, na mume alishapewa ruhusa kazini. Kilichobaki ni kukubaliana wapite wapi na walale wapi.

Mtu anayeifahamu hifadhi angeicheka ile siku ya nne. Kutoka Fort Ikoma hadi Kogatende, kisha kushuka tena hadi Ndabaka kwa siku moja, ni kazi ya kumchosha hata dereva. Tena katikati ya Juni makundi makubwa ya nyumbu kwa kawaida huwa bado yako upande wa magharibi, karibu na Mto Grumeti. Kule kuvuka Mto Mara kunakoonekana kwenye picha huwa zaidi kati ya Julai na Oktoba. Lakini swali la mke halikuwa la nyumbu.

Safari ya Desemba

Miaka miwili kabla, mke alikwenda Tarime kwa mara ya kwanza akiwa bibi harusi wa kupelekwa kuonwa na ukoo. Ilikuwa Desemba. Basi liliondoka Mwanza saa 12 asubuhi likiwa limejaa watu wanaokwenda kwao kwa sikukuu. Walifika mchana, mvua ikinyesha, wakapanda bodaboda hadi kijijini, na usiku ule baridi ya milima ya Tarime ikapita kwenye shuka jepesi. Saa 3 usiku maumivu yalianzia kwenye nyonga, yakahamia mgongoni, yakapanda kifuani. Alilazwa siku sita. Ndugu waliokuwa wameandaa mbuzi walikuja kumsalimia wodini.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Seli nyekundu za damu, ambazo kawaida ni za duara na laini, hukakamaa na kujikunja kama mundu, zikanata na kuziba mishipa midogo. Sehemu iliyokosa damu huuma, na wanaoumwa husema maumivu hayo hayana mfano wa kumwambia mtu mwingine akaelewa. Yanaweza kuja yenyewe, lakini yapo mambo yanayoyachokoza: upungufu wa maji mwilini, baridi, homa na maambukizi, uchovu mkubwa.

Kijijini maelezo hayo hayakufika. Kilichofika ni kwamba kijana wetu kaoa mgonjwa. Mama mkwe hakulisema hilo mbele ya mtu, ila katika miaka miwili iliyofuata alipopiga simu alimsalimia mwanawe, akauliza kazi, akauliza mvua, kisha akakata.

Mume aliamini siku zote kwamba baridi ya kwao ndiyo iliyomwangusha mkewe. Ni kwenye ile jioni ya risiti alipoambiwa ukweli: siku ile mke hakunywa maji tangu jioni ya jana yake. Hakusahau. Aliamua.

Kila abiria wa basi anajua maana ya kondakta anaposema ni muda wa kuchimba dawa. Wanaume wanasimama upande huu wa barabara, wanawake wanaingia vichakani upande ule na khanga mkononi, na dakika tano hazijaisha honi inalia. Mwanamke aliyevaa gauni la kwenda kwa wakwe, ameketi na wifi zake wapya, hataki kuwa yule anayesubiriwa. Kwa hiyo hanywi. Wanawake wengi hufanya hivyo na wakafika salama na kichwa kinachouma kidogo. Kwa mwenye selimundu, hiyo ni nusu ya safari ya kwenda wodini.

"Miaka miwili naishi naye sijui," anasema mume. "Mimi nilikuwa dirishani nakula mahindi ya kuchoma."

Vituo

Mpango mpya uliandikwa kwenye daftari, kwa jioni mbili, na kalamu ilikuwa kwa mke. Ulikuwa wa siku kumi. Hakuna kipande cha njia kitakachozidi saa nne. Mahali pa kulala pawe karibu na hospitali inayoweza kumtundikia mtu maji na kumpa oksijeni na dawa kali za maumivu, na hapo Musoma, Tarime mjini, Mugumu na Bunda zilijitosheleza, lakini kijijini hapakujitosheleza, na hilo likaachwa lijadiliwe mwisho. Maji ni lita tatu kwa siku, safarini au la. Kwa hiyo basi la kupanda ni lile linalosimama stendi zenye choo cha kulipia, Magu, Lamadi, Bunda, na siti ni ya karibu na mlango. Kufika popote kuwe kabla jua halijaanza kushuka. Sirari na Isebania zilifutwa kwa mstari mmoja, na mume hakubisha sana kwa kuwa soda ya Isebania haina tofauti na ya Tarime.

Hifadhi iliwekwa mwisho kabisa, tena kwa sharti: gari la kukodi lisilipiwe hadi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kiingilio cha Mtanzania si mzigo. Kinachomaliza fedha ni gari. Na mtu akishalipia gari, anasema mke, ataingia nalo hata kama mguu unamkataza.

Kwa nini Juni na si Desemba, ambapo mume anakutana na kaka zake wote? Hili nalo lilijadiliwa. Desemba mvua za vuli huwa bado zinanyesha, barabara za vijijini ni tope, mabasi yamejaa na mbu wamezaliana. Malaria ni adui mkubwa wa mwenye selimundu. Juni ni kavu. Ubaya wake ni baridi: mji wa Tarime uko karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Victoria liko mita 1,134, na usiku wa Juni na Julai kule juu mtu analala na soksi. Baridi ina blanketi, mke akasema, tope la Desemba halina dawa.

Blanketi nzito zilinunuliwa mbili, zawadi ya mama mkwe. Mke anakiri kwamba moja ilikuwa na ajenda.

Wiki moja kabla ya kuondoka alikwenda kliniki. Alirudi na dawa za siku 20 kwa safari ya siku kumi, zikagawanywa kwenye mikoba miwili ili mmoja ukiibwa mwingine ubaki: foliki asidi, haidroksiyurea ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, dawa ya kujikinga na malaria aliyoandikiwa, na za maumivu kwa mpangilio wa ipi ianze na ipi ifuate. Kipima joto pia, na agizo kwamba homa ikifika nyuzi 38 hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali. Barua fupi ya kliniki ikaeleza anaumwa nini na anatumia nini, maana mtu akiwa kwenye maumivu hawezi kujieleza, na aliyemsindikiza huwa amesahau hata majina ya dawa. Waliuliza pia suala la mtoto. Wakaambiwa haidroksiyurea haishauriwi wakati wa ujauzito, hivyo wakiamua, waanzie kliniki kwanza kabla ya kuanzia nyumbani. Mume naye alipimwa damu siku hiyo hiyo. Majibu yake aliyakunja na kuyaweka kwenye bahasha moja na barua.

Likabaki la kijijini. Mke alitaka siku ya kufika Tarime walale gesti mjini, apumzike, aoge maji ya moto, na aende kwa mama mkwe asubuhi akitembea kwa miguu yake. Mume alishika kichwa. Mtoto wa kiume kulala gesti wakati nyumba ya mama yake iko mwendo wa bodaboda ni neno litakalosemwa mpaka wajukuu wazeeke. Walilala bila kuelewana. Asubuhi mume alimpigia mama yake na kumwambia ukweli wote: baridi, maji, choo, vichaka, kila kitu. Upande wa pili ulikaa kimya kwa muda mrefu hata akadhani salio limekwisha. Kisha mama akasema, "Sawa, mura," akakata.

Musoma hadi Kirumi

Waliondoka Juni 15. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni kama kilomita 220, na mke alikunywa maji njia nzima. Lamadi alishuka, akalipa choo, akarudi bila kukimbia.

Musoma walikaa siku mbili. Ya pili haikuwa na kazi yoyote. Waliamka saa 3, wakatembea taratibu hadi Mwigobero, wakaangalia wavuvi na mitumbwi, wakala sato, wakakaa kwenye mawe makubwa yaliyoota kando ya ziwa hadi jua lilipopoa. Mume, aliyezoea kwamba safari ni kukimbizana, aliona siku hiyo imepotea. Sasa anasema ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Kwa anayefuatilia habari za selimundu, Musoma si mji wa kupita tu. Katika miaka ya 1950 daktari Mwingereza aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akitafuta kwa nini chembe za ugonjwa huu zimejaa zaidi kwenye maeneo yenye malaria, ukanda wa ziwa ukiwamo, na ni chache nyanda za juu zenye baridi. Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1954, bado linafundishwa vyuoni dunia nzima: aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu haugui ugonjwa huo, na ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Sehemu ya takwimu zake zilitoka Wilaya ya Musoma. Kati ya watoto wachanga 287 waliopimwa, tisa walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kati ya watu wazima 654, watano tu. Wabebaji wasiougua miongoni mwa wakubwa hao walikuwa 249, zaidi ya theluthi moja.

Namba hizo mbili, tisa kati ya 287 na watano kati ya 654, zinasema jambo moja: watoto wengi walioumwa hawakufika utu uzima. Mwanamke wa miaka 31 aliyeketi juu ya jiwe Musoma akila mapera ni mtu ambaye enzi zile angekuwa nadra.

Siku ya tatu walikodi gari dogo, anasa pekee waliyojiruhusu kwa siku hiyo, ili dereva asimame wanapotaka. Butiama walifika asubuhi. Walitembea Mwitongo, wakaingia kwenye makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka huo huo aliofariki, wakasimama kaburini. Mke aliketi chini ya mti wakati mume akizunguka mara ya pili. Walirudi Makutano, wakashika barabara ya Sirari.

Daraja la Kirumi wengi hulipita wakisinzia, na ni hasara. Hapo Mto Mara, uliotoka milima ya Mau nchini Kenya na kupita Maasai Mara na Serengeti, unajisambaza kwenye mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Kijani kinaenda mpaka jicho linachoka. Dereva alisimama mbele kidogo ya daraja, mke akavaa sweta mapema, kabla baridi haijamfika, kwa kuwa kuanzia hapo, baada ya kupita Utegi wilayani Rorya, barabara inapanda. Saa 9 alasiri walikuwa Tarime mjini, kwenye gesti yenye maji ya moto.

Saa 1 asubuhi mlango ukagongwa. Ilikuwa mama mkwe. Amepanda bodaboda kutoka kijijini kwenye ukungu, amejifunga khanga mbili kichwani, na mkononi ana chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi.

"Nimesikia mgeni wangu anatakiwa kunywa," alisema.

Juni 19

Kijiji kiko ndani kidogo ya barabara inayokwenda Nyamwaga, kwenye vilima vya migomba, mahindi na mibuni. Walikaa siku tatu. Mke alilala chini ya blanketi zote mbili, kwa amri ya mama mkwe, ambaye naye alikuwa ameshaelewa ile ajenda. Maji yalichemshwa kila jioni na kuwekwa kwenye chupa kando ya kitanda. Choo cha nje kilifungiwa taa ya sola, kazi ya mume ya mchana mzima.

Siku ya pili, Juni 19, mama na mkwewe walikuwa uani wakichambua mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai. Redio ilikuwa imewashwa. Mtangazaji akasema leo ni Siku ya Selimundu Duniani, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la mwaka 2008. Mama alinyoosha mkono, akaongeza sauti. Habari ilipoisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Na watoto wenu watakuwaje?"

Mume alileta ile bahasha, lakini karatasi ya maabara haisomeki kwa mtu asiyezoea. Akachukua mahindi na maharage. Kila mtu, akaeleza, ana mbegu mbili za aina ya damu, moja ya baba na moja ya mama. Hindi ni nzima, haragwe ni selimundu. Mke ana maharage mawili, ndiyo maana anaumwa. Yeye amepimwa, ana mahindi mawili. Mtoto wao atachukua moja huku na moja huku: hindi na haragwe. Atabeba, hataugua. Kila mtoto, hata wakizaa kumi.

Mama aliziangalia zile punje. "Na huyo mwenye hindi na haragwe akikutana na mwenzake wa hivyo hivyo?"

Wataalamu hutumia mihadhara mingi kufika kwenye swali hilo. Mume akajibu kwamba hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata maharage mawili, ndiyo maana vijana wanashauriwa kupima kabla ya kuoana.

Mama akapanga mwenyewe kwenye turubai, hindi na haragwe upande huu, hindi na haragwe upande ule. Alikaa nazo kidogo. Ndipo akasimulia kwamba kabla ya mume huyu kuzaliwa kulikuwa na mwingine, kifungua mimba. Viganja na nyayo zilikuwa zikivimba. Alikuwa analia usiku, akishikwa analia zaidi. Alikufa kabla hajaanza kutembea. Wapo walioambiana kwamba mama mwenyewe ndiye mwenye mkosi, na yeye hakuwahi kujibu.

Kuvimba viganja na nyayo ni moja ya dalili za mwanzo za selimundu kwa watoto wachanga. Hakuna wa kuthibitisha sasa, mtoto hakupimwa na baba yake naye alishafariki. Mume alikuwa na miaka 35 na hakuwahi kusikia kwamba yeye si wa kwanza.

"Kumbe nilikuwa nakuogopa," mama alimwambia mkwewe. "Nilidhani amerudi."

Walimaliza kuchambua mahindi. Jioni mama alitaka kujua hospitali gani inapima na kama na yeye, katika umri wake, wataona ajabu akienda. Waliongozana naye hadi mjini siku iliyofuata.

Mugumu

Njia ya kutoka Tarime kwenda Mugumu inapita Nyamwaga na Nyamongo, ambako vilima vya mawe yaliyotolewa kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara vinaonekana toka barabarani, kisha inauvuka tena Mto Mara na kuingia Wilaya ya Serengeti. Waliisafiri Juni 21. Vumbi lilikuwa jingi, na mke alifunga mdomo kwa barakoa.

Mugumu walifikia nyumba ya wageni isiyo mbali na Hospitali Teule ya Nyerere. Dereva wa kuwapeleka hifadhini alikuja jioni wakapatana: kuingia Fort Ikoma saa 3 asubuhi jua likishachomoza vizuri, kutoka saa 8 mchana. Aliwashauri wasivae nguo za bluu wala nyeusi kwa sababu ya mbung'o, wanaozipenda rangi hizo na ambao wanaweza kuambukiza malale. Mke alikuwa ameshajua, alifungasha kaki. Fedha hawakumpa. Walimwambia watampigia saa 4 usiku.

Saa 3 na nusu nyonga ikaanza.

Walifuata karatasi: maji, dawa ya kwanza, joto la mwili, blanketi. Nyuzi zilikuwa 36.8. Mume alimpigia dereva kumwomba radhi, na dereva, ambaye ameshuhudia mengi, akasema hifadhi haihami. Usiku wa manane wakaongeza dawa ya pili, huku bajaji ya kwenda hospitali ikiwa imeshapatanwa na mlinzi wa getini. Haikuhitajika. Kufikia mchana maumivu yalikuwa yamepungua hadi kuwa ya kusemeka. Siku ya hifadhi ilipita chumbani, madirisha wazi, wakicheza karata. Mume alishinda mara mbili tu.

Fedha za gari zilibaki zote. Mke alipendekeza zitumwe Tarime, mama ajengewe choo kipya chenye sakafu ya saruji, kwa kuwa Juni ijayo watarudi na yeye hatabadili lita zake. Mume alituma kabla hawajaondoka Mugumu.

Walirudi kwa kupitia Nata hadi Bunda, wakalala. Asubuhi ya Juni 24 basi la Mwanza lilikuwa na nafasi. Mke alikaa dirishani upande wa kushoto, chupa ya maji mapajani, mume akasinzia kabla hawajatoka mjini. Walipokaribia Ndabaka, mahali hifadhi inapogusana na barabara kuu, nyumbu walikuwa wamesimama kwenye nyasi, karibu kiasi cha kuhesabika ndevu, na pundamilia watatu pembeni yao. Aliwahesabu mpaka 40 basi likawapita.

Hakumwamsha. Alimwambia walipofika Lamadi, aliposhuka kwenda choo.